Je, wajua kwa nini beji ya mkutano hugeuzwa kompyuta, na inatengenezwaje?

Kwenye mikutano mingi beji ni kipande cha karatasi ndani ya plastiki: jina lako, shirika lako, na kamba yenye nembo ya mfadhili. Mlinzi akishaiona, kazi yake imekwisha. DEF CON, mkutano wa wadukuzi ulioanza Las Vegas, Marekani, mwaka 1993, una utaratibu mwingine. Watu wengi hupanga foleni ndefu, hulipa taslimu bila kuulizwa jina, kisha, miaka mingi, huvishwa shingoni kompyuta ndogo inayowaka taa. Kwa nini mtu ahangaike kutengeneza maelfu ya kompyuta za kuvaliwa siku nne?

Jibu la haraka ni kuzuia kughushi. Beji isiyo na jina inasema jambo moja tu, kwamba huyu amelipa, na waliohudhuria ndio hasa watu wanaoweza kuchapisha nakala ya kadi ya karatasi kabla ya chakula cha mchana. Mwaka 2006, katika mkutano wa 14, mhandisi Joe Grand, aliyewahi kuwa katika kundi la wadukuzi la L0pht la Boston, alibuni beji ya kwanza ya DEF CON yenye saketi ndani yake. Ilikuwa na taa mbili za LED za bluu, betri moja bapa na chipu aina ya PIC10F202 yenye miguu 6. Programu yake haikuweza kuzidi maagizo 512, na kumbukumbu ya kufanyia kazi ilikuwa baiti 24. Baiti 24 zinatosha kuandika "Habari za asubuhi, mzee?" na hapo zimejaa, nafasi ya kuitikia salamu haipo.

Mimi hoja ya kughushi hainitoshi. Leo mwenye picha safi ya bodi na pesa kidogo anaweza kuagiza nakala kiwandani. Sababu nzito zaidi ni kwamba beji ya namna hii inawapa watu wasiojuana kitu cha kufanya pamoja. Ukiiangalia kwa karibu, utaona vituo vidogo vya shaba vimeachwa wazi ili mtu aunganishe waya na kubadili programu. Mtengenezaji anataka uifungue. Grand aliporudi kubuni beji ya 2019, iliyokuwa na kipande halisi cha jiwe la kwatzi, aliweka mawasiliano ya sumaku ya masafa mafupi sana, kiasi kwamba beji mbili huzungumza zikisogezwa karibu tu. Mchezo uliokuwa ndani yake haukusonga mbele mpaka mwenye beji akutane na watu wa makundi tofauti: mhudhuriaji wa kawaida, mzungumzaji, mfanyakazi wa kujitolea. Ukikaa peke yako ukutani, beji yako inabaki palepale.

Sasa inatengenezwaje? Wengi hudhani kazi huanza na chipu. Nadhani ni salama zaidi kuanza na betri, kwa sababu ndiyo itakayokukatalia nusu ya mawazo yako.

Chukua CR2032, ile betri ya mviringo inayokaa kwenye rimoti za magari na kwenye ubao mkuu wa kompyuta. Ina volti 3 na uwezo wa takriban miliampia-saa 220, yaani ingeweza kutoa umeme wa miliampia moja kwa saa 220. Mkutano wa siku 4 ni saa 96. Gawanya: unapata wastani wa miliampia 2.3 kwa kila kitu, yaani chipu, taa, redio na skrini. Taa moja ya LED ikiwashwa kwa miliampia 10 bila kuzimwa itaimaliza betri hiyo ndani ya saa 22. Kuna tatizo jingine ambalo hesabu hii haionyeshi: betri ndogo haipendi kuvutwa kwa nguvu. Ukiwasha taa nyingi kwa pamoja, volti zinaporomoka, chipu inazimika na kujiwasha upya, taa zinawaka tena, volti zinaporomoka tena. Beji inabaki inapepesa kama yenye homa, na mtu anadhani programu ina kasoro. Taa za bluu ndizo za kwanza kulalamika kwa kuwa zinahitaji karibu volti 3 ili ziwake vizuri. Nyekundu huvumilia betri iliyochoka.

Ukitumia betri mbili za AA unapata uwezo mara kumi hivi, lakini unamtundika mtu karibu gramu 50 shingoni tangu asubuhi hadi usiku. Betri za lithiamu za kuchaji ni nyepesi na zina nguvu, ila kuzisafirisha kwa ndege kuna masharti makali, na elfu kadhaa ndani ya kontena si mzigo wa kuchezea.

Kwa hiyo wabunifu hubana. Kwanza, chipu inalazwa: maikrokontrola (chipu za kuendesha vifaa vidogo) za siku hizi zikiwa usingizini hula sehemu chache tu za milioni ya ampia, kisha kitufe kikibonyezwa zinaamka. Pili, jicho linadanganywa. Taa ikiwashwa kwa sehemu moja tu ya kumi ya muda, lakini ikirudiwa mara 100 kwa sekunde, jicho huona mwanga usiokatika, na hauonekani hafifu mara kumi kwa sababu macho yetu hayapimi mwanga kwa rula. Umeme uliotumika ni sehemu moja ya kumi.

Ujanja huohuo ndio unaowezesha taa nyingi kuendeshwa na miguu michache. Beji ya DEF CON ya 2007 ilikuwa na taa 95 zilizotembeza maandishi. Kila taa ingepewa mguu wake wa chipu, bodi isingetosha. Zikapangwa safu 5 kwa 19, zinawashwa safu baada ya safu kwa kasi, na njia 24 zikafanya kazi ya 95. Inawezekana kubana zaidi. Kwa kuwa LED hupitisha umeme upande mmoja tu, unaweza kufunga taa mbili kati ya kila miguu miwili, moja ikielekea huku na nyingine kule. Miguu 10 inaendesha taa 90. Mbinu hiyo ilienezwa mwaka 1995 na Charlie Allen wa kampuni ya Maxim, na hadi leo imebeba jina lake la kwanza.

Njia nyingine ya kukwepa njaa ya umeme ni skrini isiyokula chochote inapotulia. Beji ya DEF CON ya 2010 ilikuwa na skrini ya kampuni ya Kent Displays ambayo picha hubaki hata betri ikitolewa. Uholanzi, kwenye kambi ya wadukuzi ya SHA2017, walitumia karatasi ya kielektroniki, aina ileile ya visomeo vya vitabu. Kwa jina la mtu, ambalo halibadiliki siku nzima, sioni chaguo bora zaidi.

Bodi yenyewe huchorwa kwenye kompyuta. Programu inayotumiwa zaidi na watu wa kujitegemea ni KiCad, ya bure, iliyoanzishwa na Mfaransa Jean-Pierre Charras mwaka 1992. Unachora kwanza nani ameunganishwa na nani, kisha unapanga vipande mahali pake na kuvuta njia za shaba. Faili linalotoka hutumwa kiwandani. Viwanda vya Shenzhen, China, hupokea oda ya bodi 5 tu kwa dola chache, ingawa usafiri mara nyingi hugharimu kuliko bodi.

Hapa ndipo sanaa inapoingia. Bodi ya kawaida ina unene wa milimita 1.6, ni nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa gundi, juu yake shaba, juu ya shaba rangi ya kinga, na juu kabisa wino wa maandishi. Kila tabaka ni rangi kwa mchoraji. Shaba iliyofunikwa kwa rangi ya kinga hutoa kivuli chepesi, iliyoachwa wazi na kupakwa dhahabu inang'aa, na pale ambapo shaba na rangi vyote vimeondolewa, nyuzi za kioo hupitisha mwanga wa taa iliyofichwa nyuma. Umbo nalo ni lako: fuvu, ua, samaki, chochote ambacho mashine ya kukatia itakubali.

Mambo madogo ndiyo yanayowaangusha wengi. Beji iliyotobolewa tundu moja juu huzunguka kwenye kamba na kuonyesha mgongo siku nzima, toboa mawili. Miguu ya vipande iliyochomoza nyuma itachana shati la watu. Antena inahitaji nafasi isiyo na shaba, na kifua cha binadamu, kilichojaa maji, humeza mawimbi ya gigahezi 2.4, kwa hiyo antena isielekezwe mwilini. Tena amua skrini ni ya nani. Ikisomeka vizuri kwa anayekutazama, kwako imepinduka. Wengine huweka kihisi cha mwendo ili maandishi yajigeuze ukiinua beji.

Programu ya ndani kwa kawaida huandikwa kwa lugha ya C. Somo la kwanza la kila anayeanza ni kitufe. Ukikibonyeza mara moja, vyuma vyake vya ndani hudundadunda kwa milisekunde kadhaa kabla ya kutulia, na chipu yenye kasi huona mibonyezo kumi. Dawa yake ni kusubiri kidogo, labda milisekunde 20, ndipo uamini. Halafu kuna redio. Ikijaribiwa mezani kati ya beji mbili hufanya kazi vizuri kabisa. Ukumbini, beji elfu tano zinaongea kwa mpigo na hakuna anayesikika. Ndiyo maana baadhi ya wabunifu hurudi kwenye mwanga usioonekana wa rimoti, unaomlazimu mtu kumwelekea mwenzake. Beji ya DEF CON ya 2008 ilitumia mwanga huo kurushiana mafaili, na pia kuzima televisheni zilizo karibu. Nawaonea huruma wenye baa za Las Vegas wiki ile.

Ukitaka wahudhuriaji waandike programu zao wenyewe, C huwafukuza wengi. Kambi za Ulaya zimeegemea MicroPython, toleo dogo la lugha ya Python linaloingia kwenye chipu. Chipu pia zimekuwa na uwezo mkubwa. RP2040 ya kampuni ya Raspberry Pi, iliyotoka Januari 2021 na baadaye ikauzwa kwa kama dola moja, ina kumbukumbu ya kilobaiti 264. Linganisha na baiti 24 za 2006. Ukiichomeka kwenye kompyuta inaonekana kama flashi, unaburuta faili ndani, basi. Sehemu inayopokea faili hilo imechongwa kwenye chipu yenyewe na haifutiki, hivyo hata mtu akiharibu programu kiasi gani, beji haifi moja kwa moja.

Wapo walioamua kwenda kinyume. Mwaka 2022, Voja Antonić, aliyebuni kompyuta ya Galaksija kule Yugoslavia mwaka 1983, alitengeneza beji ya mkutano wa Hackaday Supercon huko Pasadena ikiwa ni kompyuta ya biti 4, yaani inayoshughulikia tarakimu nne tu za 0 na 1 kwa mpigo. Unaiandikia programu kwa vitufe, agizo moja baada ya jingine, huku taa zikikuonyesha kilichomo kwenye kumbukumbu. Ni polepole mno, na unaona kila kinachotokea.

Kinachowakosesha wabunifu usingizi mwishoni si umeme tena. Ni idadi na tarehe. Kipande cha dola moja kikiongezwa kwenye beji 10,000 ni dola 10,000. Kupima kila beji kwa dakika moja ni zaidi ya saa 166 za kazi, yaani wiki nzima usiku na mchana. Kwa hiyo hutengenezwa kibao chenye sindano za springi: unakandamiza beji juu yake, programu inaingia na taa zote zinawaka kwa sekunde chache ili jicho ligundue iliyokufa. Tarehe ya mkutano haisogei, lakini viwanda vya China hufungwa kwa Mwaka Mpya wao kati ya Januari na Februari, na vipande huweza kuadimika ghafla kama ilivyokuwa wakati wa uhaba wa chipu baada ya 2020. Mbunifu mwenye uzoefu huchagua kwanza kile kinachopatikana ghalani, ndipo aulize kama anakipenda.

Baada ya mkutano, beji nyingi huishia kwenye droo, na sioni aibu kuuita huo uchafuzi. Waandaaji wa Electromagnetic Field, kambi ya Uingereza ambayo mwaka 2018 iliwapa wageni beji inayopiga simu kwenye mtandao wa simu wa kambi yenyewe, walilijibu hilo mwaka 2024 kwa Tildagon: beji ya pembe sita, yenye nafasi sita za kuchomeka vipande vya ziada, iliyokusudiwa kurudi nayo kambi zijazo. Waandaaji wanatoa kiini. Vipande vya pembeni, mgeni anaweza kujibunia mwenyewe na kuvigawa kwa atakaowakuta huko.