Mshahara wa kwanza, na viti vya nani?

Mashirika ya kujitolea yanayotaka kuajiri huniita yakiwa na swali moja: mshahara tutautoa wapi? Swali zuri, ila nimeona mashirika yenye fedha za kutosha yakigawanyika mara tu baada ya kuajiri.

Kuna kikao hakinitoki akilini. Mkutano umekwisha, viti vimetapakaa ukumbini. Mama mmoja aliyekuwa akivipanga kila mwezi, miaka nenda miaka rudi, alichukua mkoba wake, akamtazama mratibu mpya, akasema kwa upole, "Mwenye mshahara si yupo?" Akaondoka. Kijana wa watu akavipanga peke yake. Kosa lilikuwa letu: mkataba tulioandika ulitaja kazi zote za mratibu, lakini hatukukaa na wanaojitolea kukubaliana zipi zinabaki mikononi mwao.

Mwaka 2000 wachumi Uri Gneezy na Aldo Rustichini walichapisha jaribio walilofanya Israeli. Wanafunzi wa sekondari walipita nyumba kwa nyumba wakichangisha fedha za hisani. Walioahidiwa asilimia 1 ya makusanyo walikusanya kidogo kuliko wasioahidiwa chochote. Wa asilimia 10 waliwazidi wa asilimia 1, lakini nao hawakuwafikia wa bure. Ndiyo maana siafiki vijiposho vya "kuwashukuru" watu. Lipa mshahara unaoeleweka, la sivyo iache kazi iwe ya moyo.

Kisha kuna bodi. Enzi za kujitolea wajumbe ndio watendaji: huyu ana daftari la hesabu, yule anajibu barua. Mtu akiajiriwa, wajumbe hawamwachii kazi hizo. Nimemkuta mwajiriwa mmoja ana mabosi tisa, kila mmoja na simu yake ya usiku! Ateuliwe mjumbe mmoja wa kumwelekeza, wengine wapitie kwake. Na mjumbe anayeitaka kazi yenyewe ya mshahara ajiuzulu kwanza ndipo aombe. Hawezi kuwa mwajiri na mwajiriwa.

Kuhusu fedha nitasema machache: hesabuni pia bima, likizo na michango ya hifadhi ya jamii. Ruzuku ya mradi ina tarehe ya mwisho, basi mwajiriwa aijue kabla hajatia saini.

Yule mama alirudi baada ya miezi mitatu. Tulimwomba awapokee na kuwaelekeza wanachama wapya, kazi ambayo kumbe alikuwa akiifanya siku zote bila sisi kuiona. Viti anapanga mratibu, na hao wapya humsaidia.