Mpira wa elfu kumi na mpira wa nusu bei: nilichokiona kwenye ndoo ya chumvi

Dada mmoja ninayemfundisha gofu, anakaa Isamilo hapa Mwanza, juzi usiku alinitumia picha WhatsApp. Boksi mbili ziko mezani, moja Titleist Pro V1 (mipira ghali ya kampuni ya Titleist), nyingine mipira ya bei nafuu ambayo shemeji yake kamletea kutoka nje, na chini kaandika, "Kocha, niambie ukweli, hii ya rahisi nicheze au nigawe?" Nikaanza kumjibu kwa sauti, nimefika dakika ya tatu nikaona hapana, hili swali naulizwa kila mwezi, bora nikae niliandike vizuri mara moja.

Jibu ni kwamba acheze. Ila sababu zake ndio muhimu, maana mipira ya "bei nafuu" iko ya aina mbili ambazo hazifanani hata kidogo, na ukizichanganya unaharibu mchezo wako mwenyewe halafu unakuja kwangu unasema swingi, yaani uzungushaji wako wa fimbo, imekufa.

Tuanze na hela. Marekani dazeni moja ya Pro V1 imefika karibu dola 55, hapo hujaweka usafiri wala ushuru, kwa hiyo mpira mmoja ukishushwa kwenye shilingi yetu unazidi elfu kumi. Kwa hela hiyo unakaa Mwaloni Kirumba unakula sato na ugali na soda juu. Sasa we fikiria umeupiga mara moja, umegonga jiwe (na hapa kwetu mawe yapo kila unapogeuka), umeruka umeingia ziwani, basi, umeisha. Mtu anayepoteza mipira minne kila raundi akicheza mipira ya namna hiyo anaanza kuogopa kupiga, na mimi naona kabisa mikono inavyokaza.

Watu wengi wanaamini mpira ghali una nguvu ya siri ndani. Hauna, sheria zimeshafunga huo mlango siku nyingi. R&A na USGA, hao ndio wanaotunga sheria za gofu duniani, wamesema mpira usizidi gramu 45.93 na upana wake usipungue milimita 42.67, na kasi ya kutoka kwenye fimbo ina kikomo, futi 250 kwa sekunde na asilimia 2 ya kuvumilia juu yake. Kiwanda cha bei kubwa na cha bei ndogo wote wamesimama chini ya dari hilo hilo. Ndio maana kwa draiva, ile fimbo ya kupiga mbali, mtu wa kawaida hataona tofauti ya maana kati ya mpira mzuri na mpira mzuri mwingine, hata akipiga siku nzima.

Tofauti kubwa iko kwenye ganda. Hapa naomba msome polepole.

Mpira wa gofu ndani una kiini cha raba, juu yake unaweza kukuta tabaka moja au mawili, halafu ganda lenye vile vishimo. Ganda linatengenezwa kwa vitu viwili hasa. Kuna ayonoma, ile plastiki ngumu ambayo wengi wanaijua kwa jina la Surlyn, haichuniki ovyo, inadumu, na ni rahisi kutengeneza. Na kuna urethani, ambayo ni laini, inanata kidogo kwenye mifereji ya weji, ile fimbo ya mapigo mafupi. Ukipiga pigo fupi lile ganda laini linabanwa kati ya uso wa fimbo na tabaka gumu lililo chini yake, linashikwa, mpira unatoka unazunguka kurudi nyuma, ukitua kwenye grini, zile nyasi fupi zenye shimo, unafunga breki. Kwa wachezaji wa PGA Tour, mashindano ya wacheza gofu wa kulipwa Marekani, draiva inazungusha mpira kama mara 2,700 kwa dakika, ile weji ya kawaida ya kupichi inapita 9,000, kwa hiyo ona wenyewe ganda linafanya kazi yake wapi.

Kwa hiyo mpira wa bei nafuu wenye ganda la ayonoma na mpira wa bei nafuu wenye ganda la urethani ni vitu viwili tofauti kabisa, hata kama bei imekaribiana. Nilimwambia yule dada ageuze boksi asome pembeni. Imeandikwa urethani. Nikamwambia sasa tunaongea.

Na hii historia ni nzuri kuijua maana inaeleza bei ilitoka wapi. Zamani wachezaji wakubwa walicheza mipira iliyozungushiwa nyuzi za raba ndani, na ganda laini la balata (aina ya raba), ilikuwa inazunguka vizuri ila inachanika haraka. Mwaka 2000 Tiger Woods akahamia mpira wa Nike wenye kiini kigumu na ganda la urethani, akaenda Pebble Beach akashinda US Open kwa tofauti ya mapigo 15, na Oktoba ya mwaka huo huo Titleist wakaileta Pro V1 kwenye mashindano ya Las Vegas, wachezaji 47 wakahamia kwake wiki hiyo hiyo ya kwanza na mshindi, Billy Andrade, alikuwa anaucheza huo huo. Tangu hapo ndio umekuwa mpira wa kupimia mingine yote, mtu akitengeneza mpira mpya swali la kwanza ni "ukilinganisha na Pro V1 je?"

Aliyekuja kutikisa bei ni duka kubwa la Marekani, Costco. Mwishoni mwa 2016 wakaanza kuuza mpira wao, Kirkland Signature, matabaka manne, ganda la urethani, mipira 24 kwa dola 29.99. Ikaisha madukani. Kampuni ya Acushnet inayomiliki Titleist ikawaandikia barua kuhusu hataza zao (haki za uvumbuzi), Costco nao wakaenda mahakamani Seattle Machi 2017, wakavutana mpaka 2018 wakamalizana. Hapo katikati kulikuwa na wengine pia, Vice kutoka Ujerumani wanauza moja kwa moja kwa mteja, na Dean Snell, mmoja wa wahandisi walioifanyia kazi Pro V1 yenyewe, alianzisha kampuni yake mwaka 2015. Hawa hawalipi mastaa wa tour mamilioni wavae kofia yao, wengi hawana kiwanda, wanatengenezewa Korea, Taiwan au China, na pale ndipo nusu ya bei inapotelea. Sio kwamba wameweka takataka ndani.

Sasa nilichofanya mwenyewe. Jumamosi nilienda Luchelele, kuna uwanja wa wazi ninaoutumia, nikafika saa kumi na mbili na nusu asubuhi kabla upepo wa ziwani haujaamka, maana mchana ukianza kuingia kutoka majini hakuna kipimo tena, kila mpira unaoenda kinyume nao unapaa juu kama kishada. Nikatandika kitenge hatua 30 mbele, nikachukua weji ya digrii 56, na aina tatu za mipira: Pro V1, ile ya bei nafuu yenye urethani, na ile migumu ya ayonoma tunayofanyia mazoezi. Dogo anayenisaidia kuokota ndiye aliyekuwa ananiwekea, maandishi yako chini nisione, yeye anaandika kwenye daftari.

Ile migumu niliijua hata bila kuangalia, inalia "tak" kali, na ikitua kwenye kitenge inaendelea kukimbia hatua saba, nane, mmoja ulifika tisa. Hii mingine miwili ilikuwa inaruka mara moja, mara ya pili inashika, inasimama hatua mbili au tatu mbele. Nikaambiwa nikisie upi Pro V1 upi wa rahisi, mipigo kumi, nikapatia mitano. Hiyo ni sawa na kurusha sarafu. Na mimi hii kazi naifanya kila siku, mikono yangu inajua weji kuliko inavyojua kijiko. Kama mimi nimeshindwa, mtu mwenye hendikapu ya 24, yaani mchezaji wa kawaida tu, anayesema yeye anaisikia tofauti kwenye vidole, namheshimu ila aje Luchelele tujaribu.

Sasa msikimbilie kusema basi kiongozi wa soko, Titleist, anakula hela ya bure. Hapana. Kuna kitu anachokilipia, na sio rahisi kukiona uwanjani, nacho ni kufanana. Mpira wa kwanza kwenye boksi na wa kumi na mbili uwe kitu kimoja. Hilo jambo ndilo lililoizaa Titleist yenyewe: miaka ya thelathini Philip Young, mwanzilishi wa Acushnet, alikosa pata (pigo la kuusukuma mpira shimoni) iliyokuwa imenyooka kabisa, na mwenzake aliyekuwa anacheza naye alikuwa mkuu wa idara ya eksirei hospitalini, wakaenda wakaupiga mpira picha, kumbe kiini kimekaa upande. Mpira wa kwanza wa Titleist ukatoka 1935.

Eksirei sina, ila chumvi ipo. Hiki kipimo kinafanyika jikoni na nataka mkifanye. Mpira wa gofu kwenye maji ya ziwa unazama, kwenye maji yenye chumvi nyingi unaelea. Nilinunua chumvi kule kule Mwaloni wanakonunua watu wa kayabo (samaki wa chumvi), kilo moja na robo, nikaweka kwenye ndoo yenye lita tano za maji, nikakoroga mpaka chembe zote zikaisha. Mpira ukaja juu taratibu ukatoa kipara kidogo tu, ukubwa wa sarafu. Hapo unakausha kile kipara kwa kitambaa unaweka nukta ya maka pen, halafu unauzungusha kwa vidole kwa nguvu, unasubiri utulie. Kama kiini kiko katikati, kila ukitulia unakuonyesha upande tofauti. Kama upande mmoja ni mzito, huo mzito unashuka chini na ile nukta inarudi juu, unazungusha tena inarudi tena, kama mtu anayekutazama.

Nilipima sita sita, kila mmoja mara kumi. Pro V1 zote sita nukta ilipotea huku na huku. Ile ya nusu bei, minne ilikuwa safi kabisa, miwili nukta ikawa inarudi, mmoja polepole, mwingine kwa haraka mpaka dogo akasema "kocha huu una jiwe ndani." Jina la kampuni siliweki, boksi moja la mtu mmoja sio ushahidi wa kumhukumu mtu. Lakini mpira kama huo kwenye pata ya hatua nne, kwenye grini laini, unaweza kuutoa nje ya shimo na we ukadhani umevuta mkono. Ndio maana nasema nunua wa nusu bei, pima, yenye nukta inayorudi toa.

Kitu kingine kinachotuchanganya watu wa huku ni mwinuko. Ziwa letu liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kidogo, mpira unaenda mbali kama asilimia 4 kuliko pwani. Yadi 200 za Dar hapa ni kama 208. Mtu anaanza kutumia mpira mpya akiwa huku, anausifu, anaenda kucheza Dar anaona umepungua fimbo nzima, yaani inabidi achukue fimbo ya kupiga mbali zaidi, anasema mpira feki. Mpira ni ule ule. Tukienda Kisumu kucheza Nyanza Golf Club sioni hilo tatizo, kule ni ziwa lile lile na mwinuko ule ule. Ukitaka kulinganisha mipira linganisha sehemu moja, asubuhi moja, fimbo moja.

Na kuhusu feki, zipo kweli, na zilizopakwa rangi upya zipo nyingi zaidi: mpira umeokotwa majini, umechubuliwa, ukapigwa rangi na muhuri mpya, ukajazwa kwenye mfuko ukauzwa kama Pro V1. Rangi ya juu inajaza vile vishimo (Pro V1 ya sasa ina 388, na ndivyo vinavyoushikilia hewani) na mpira ukikaa majini muda mrefu unapoteza kasi. Kati ya Pro V1 ya namna hiyo na mpira mpya wa nusu bei wenye urethani mi nachagua mpya bila kufikiria mara mbili. R&A na USGA wana orodha ya mipira iliyoruhusiwa, unaiangalia bure kwenye simu, unalinganisha maandishi yaliyo kwenye mpira na yaliyo kwenye orodha neno kwa neno. Mpira wa yule dada tuliuangalia, upo.

Kitu pekee kilichonisumbua kwenye ile ya rahisi ni ganda kuchubuka. Weji yangu ni mpya, mifereji bado mikali, baada ya mapigo kama kumi na mbili kulikuwa na nyuzi nyuzi juu ya ganda, Pro V1 nayo ilichubuka ila kidogo zaidi. Kwa mtu anayepoteza mpira kabla ya shimo la tano hilo halimhusu. Kwa mchezaji wangu mmoja kijana anayejiandaa na mashindano, yeye nimemwambia abaki na Pro V1, mpira mmoja raundi nzima, mwaka mzima asibadilishe, maana yeye pata ya hatua nne ndiyo inamtofautisha na mwenzake.

Dada wa Isamilo jana kaniletea dazeni yake yote kwangu na pakiti mbili za chumvi alizonunua mwenyewe. Tumepima hadi giza likaingia. Kumi amerudi nayo nyumbani kwenye begi, miwili nimeiwekea alama ya X, nimeitia kwenye ndoo ya mipira ya mazoezi ya watoto.