Chuma "kigumu" maana yake nini? Mkasi wa zabibu na kiatu cha barafuni

"Mjomba, shikamoo. Eti kati ya haya mabapa mawili, lipi chuma chake ni kigumu zaidi?"

Ujumbe huo uliniingia usiku kutoka Edmonton, Kanada, anakosoma mpwa wangu. Wenzake wamemwingiza kwenye hoki ya barafuni, sasa anataka viatu vyake mwenyewe. Mimi nanoa visu na mikasi hapa Majengo, Dodoma, na barafu ninayoijua ni ile ya ubuyu inayouzwa kwenye vifuko. Lakini chuma ni chuma. Nikamwambia asubiri, kwa sababu swali lake limekaa vibaya, na ndivyo linavyokaa hata kwa wateja wangu wa hapa.

Kwanza kiatu chenyewe, kwa ambaye hajawahi kukiona. Jina lake la huko ukilitamka Kiswahili linatoka "sketi", na hapo unamvalisha kijana nguo ya dada yake, kwa hiyo tuliache. Juu kuna buti gumu. Chini ya soli kumepigwa ribiti zinazoshika kipande kirefu cha plastiki, ambacho hapa nitakiita kishikilio. Ndani ya kishikilio ndimo linamokaa bapa, ukanda wa chuma wenye unene wa milimita 3 hivi. Mchezaji anasimama juu ya ukanda huo tu. Wa jirani wanaotaka kuona kwa macho, Nairobi kuna uwanja wa barafu wa ndani kwenye hoteli ya Panari tangu 2005, na Wakenya wana timu yao.

Sasa neno lenyewe. Mtu wa mtaani akisema chuma hiki kigumu, anakusudia mambo matatu kwa mpigo: hakipindi, hakivunjiki, hakiishi makali. Kwa fundi, ugumu ni jambo moja tu: chuma kukataa kubonyea na kukwaruzika. Kuvunjika ni habari nyingine kabisa, na mara nyingi hayo mawili yanagombana. Chukua kioo. Msumari wa kawaida haukikwaruzi, lakini kidondoshe sakafuni uone. Chukua tupa. Tupa ni katika vyuma vigumu kuliko vyote utakavyovikuta kwenye boksi la fundi, ndiyo maana inawala wenzake, na bado ikianguka vibaya kwenye sementi inaweza kukatika kama muhogo mkavu. Upande wa pili weka springi ya gari: inabebeshwa mizigo, inapita kwenye makorongo, inanyooka na kurudi miaka na miaka, na tupa inaikwangua. Hiyo sifa ya springi, ya kupokea kipigo bila kumeguka, mimi naiita ustahimilivu. Chuma cha makali kinatakiwa kiwe nazo zote mbili, na kila ukiongeza moja unaipunguza nyingine.

Ugumu una kipimo. Hugh Rockwell na Stanley Rockwell, Wamarekani wa jimbo la Connecticut, walipata hataza ya mashine yao mwaka 1919, na mpaka leo namba inabeba jina lao. Mashine ina ncha ya almasi. Inagusishwa kwenye chuma kwa uzito wa kilo 10, halafu inakandamizwa mpaka kilo 150, halafu uzito wa ziada unaondolewa na kishimo kilichobaki kinapimwa kina. Unaanza na 100, na kila sehemu mbili za elfu za milimita (yaani 0.002) ambazo ncha imezama zinakupunguzia alama moja. Chuma cha 60 kimezama milimita 0.08, cha 50 kimezama 0.1. Tofauti ni ndogo kuliko unene wa unywele, lakini mkononi ni kama mchana na usiku. Panga la kukatia majani huwa kwenye arobaini na kitu, visu vya bei nafuu vya jikoni hamsini na kitu, tupa inapita 60. Mabapa ya hoki mengi yako kati ya 55 na 60.

Sisi wa mtaani hatuna almasi, tuna tupa. Ukiipitisha pembeni ya kisu ikateleza bila kung'ata, hicho kisu kinakaribiana nayo. Iking'ata na kutoa unga, ni laini.

Kuna na hili la sumaku, ambalo limewaponza wengi. Mteja analeta kisu, anakipachika sumaku, kikinasa anasema kauziwa feki, eti stenlesi haishiki sumaku. Stenlesi haiko ya aina moja. Ya vijiko na masufuria mazuri ina nikeli nyingi, na hiyo kweli sumaku inaipuuza, lakini pia haiwezi kugumishwa kwa moto, kwa hiyo makali yake hayakai. Ya visu haina nikeli ya maana, ina kaboni ya kutosha, na sumaku inaidaka. Ikiwa kisu chako cha stenlesi kimekataa sumaku kabisa, hapo ndipo uanze kuwa na wasiwasi. Bapa la hoki ni ukoo wa visu. Lina kromiamu kama asilimia 12 na kuendelea, ambayo hewa ikiigusa inajitandika utando mwembamba sana juu ya chuma na kuzuia kutu. Mwingereza Harry Brearley wa Sheffield ndiye aliyepata chuma cha namna hiyo mwaka 1913, akitafuta chuma cha mitutu ya bunduki. Na hata hicho ukikifungia kwenye begi kikiwa na maji usiku kucha kinashika kutu, na kutu huanzia palipo pembamba zaidi, yaani kwenye makali yenyewe.

Kiswahili hapa kinatuchanganya kidogo. Chuma cha pua zamani kilikuwa chuma chochote kilichokomazwa, na upanga wa feleji ulisifiwa kabla hatujaiona stenlesi. Siku hizi muuzaji akisema chuma cha pua anamaanisha kinachong'aa kisichoshika kutu. Kung'aa hakukwambii lolote kuhusu makali.

Kinachoamua ugumu ni kaboni iliyomo pamoja na moto uliopitishiwa. Wahunzi wa kale walilijua bila namba. Kule Haubi, Kondoa, mavi ya chuma (mabaki ya kuyeyusha) ya tanuru zao bado yamelala kwenye ardhi. Unakipasha chuma mpaka kiwe chekundu, unakipoza ghafla, kinakuwa kigumu mno kama kioo. Ukikiacha hivyo kitameguka. Kwa hiyo unakirudisha motoni kidogo, joto la chini, kipunguze ukali wa tabia. Huko kurudisha ndiko kwenye ufundi wote, na ndiko wanakobania wenye viwanda vya bei rahisi. Chuma kilekile, jina lilelile limeandikwa ubavuni, kimoja kimepikwa vizuri na kingine kimepikwa harakaharaka: vitu viwili tofauti.

Na moto unaweza kuharibu baadaye. Nilipoanza kazi, mkulima mmoja wa Mpunguzi aliniletea mkasi wake wa kupogolea zabibu, mzuri, wa kubadilisha bapa. Nikauweka kwenye grenda, nikaubania jiwe ili nimalize haraka. Ukingo ukageuka rangi ya maharage, halafu zambarau, halafu bluu. Nikaona umependeza. Bluu ile ni kama nyuzi 300, maana yake nimeshaulegeza ukingo wote. Siku ya tatu akarudi, mkasi unatafuna vijiti badala ya kukata, na msimu wa kupogoa haungoji mtu. Nilimlipa bapa jipya. Tangu hapo nina kopo la maji pembeni, nagusa jiwe mara mbili, nachovya.

Nikamwambia mpwa wangu: sasa tuje kwako. Barafu yenyewe haiwezi kuchosha chuma cha 57. Kinachoua makali ni kutembea kwenye sakafu ya sementi bila kuvalisha bapa kifuniko, kugongana na bapa la mwenzako, na mchanga unaoingia na viatu. Ni sawa na wakulima wa huku: mti wa mzabibu hauuvunji mkasi, ni waya wa kuegemezea mizabibu. Kwa hiyo ugumu unaouliza unasaidia kweli, utanoa mara chache zaidi, lakini ukiupandisha kupita kiasi, siku ya kugongana ukingo utameguka vipande vidogo badala ya kukunjamana, na kumeguka ndiko kunakokula chuma kingi kwenye kunoa.

Halafu akanifundisha yeye. Bapa la hoki halinolewi kuwa na ncha moja kama kisu. Chini yake linachimbwa mfereji kwa urefu wote, jiwe la kunolea likiwa limechongwa mviringo, hivyo zinabaki kingo mbili, ya ndani na ya nje. Kipimo kinachozoeleka ni mviringo wa nusu inchi, ukipima kutoka katikati ya duara hadi ukingoni. Nilichukua karatasi nikapiga hesabu: kwenye bapa la milimita 3, mfereji huo una kina cha milimita 0.09 hivi. Unene wa karatasi ya daftari! Mtu wa kilo 80 anakata kona kwa mwendo wa pikipiki akiwa ameshikiliwa na hicho. Mviringo mdogo zaidi unachimba zaidi, kingo zinang'ata lakini mtelezo unapungua. Nilimwambia kwamba anayejifunza kama yeye ataguswa zaidi na huo mfereji kuliko na tofauti ya alama mbili za Rockwell.

Rangi nyeusi au ya dhahabu ya mabapa ya bei ghali? Utando wa dhahabu wenyewe ni mgumu sana, ndiyo, ila siku ya kwanza ya kunoa jiwe linauondoa palepale chini panapogusa barafu. Unabaki ubavuni, unapendeza.

Kitu ambacho angefaa kukiulizia zaidi ni kishikilio, na hakuna aliyemwambia. Cha zamani kinashika bapa kwa boliti. Kubadilisha unahitaji spana na subira. Cha sasa cha kampuni ya Bauer kina kifyatulio kama cha bunduki, unavuta bapa linatoka, na CCM (kampuni ya vifaa vya hoki, siyo chama) wana mtindo wao. Bapa la mmoja haliingii kwa mwingine, na hata ndani ya chapa moja lazima ulinganishe namba ya milimita, 272 kwa 272, 280 kwa 280. Kishikilio kirefu, au bapa refu kwenda chini, kinampa mchezaji nafasi ya kulala zaidi kwenye kona kabla plastiki haijagusa barafu. Lakini ribiti zikilegea, au plastiki ikipata ufa kwa kupigwa na kile kisahani cha mpira wanachokichezea, bapa linacheza. Bapa likicheza, chuma cha 60 na cha 55 havina tofauti. Mkasi wenye nati iliyolegea nao hivyohivyo: wateja wangu wengi wanaosema mkasi umekuwa butu, nakaza nati, nawarudishia.

Akanunua bapa la kawaida, lisilo na rangi, na kitambaa cha kulifutia. Juzi ameniuliza la mwanzo, lililokuja na kiatu cha mtumba na limenolewa mpaka limebaki na upana mdogo, alitupe? Nikamwambia alilete akija likizo. Chuma cha 57, milimita 3, kimeshapikwa na watu wanaojua. Nikikichonga taratibu, kopo la maji likiwa karibu, ni kisu kidogo kizuri sana cha kukatia vichala vya zabibu.