Kifua cha mtoto na jaa la nyuma ya nyumba: maswali mnayoniuliza kliniki

Juzi mama mmoja kaniletea mtoto wa miaka mitatu kifua kimembana, na si mara ya kwanza, ile kadi yake imejaa mpaka nyuma. Tukamvutisha dawa kwa ile mashine ya mvuke, baada ya muda kidogo akatulia akaanza kuchezea vifungo vya shati langu. Mama kashukuru, kambeba mgongoni, karudi kwake, na kwake ni chumba kimoja huku Changamwe, Mombasa, dirisha linatazama jaa linalotiwa moto kila magharibi. Nimekaa pale najiuliza, hapa nimetibu nini? Yule mtoto nimempa nguvu ya kwenda kuvuta moshi uleule.

Sasa siku hizi madaktari wengi wanasimama kusema juu ya moshi, maji machafu, viwanda na mambo ya joto, na watu wananiuliza maswali mengi juu ya hilo. Nimeyakusanya hapa, nitajibu ninavyojua kama nesi.

Swali: Daktari na takataka wapi na wapi? Si kazi yake ni kutibu?

Hili naulizwa hata na wafanyikazi wenzangu. Shirika la Afya Duniani linasema hewa chafu, ya nje na ya ndani ya nyumba ukijumlisha, inaua takriban watu milioni 7 kwa mwaka, lakini wewe nenda wodi yoyote ukafungue faili hutaona imeandikwa "huyu kauliwa na moshi". Utaona nimonia, pumu, kiharusi, moyo, kansa ya mapafu. Yaani ugonjwa unaandikwa na aliyeuleta haandikwi. Daktari ndiye pekee anayekaa mahali ambapo anaweza kuona watoto kumi wa mtaa mmoja wana shida moja, akinyamaza yeye basi hakuna mwingine wa kujua.

Kuna kisa cha London. Msichana wa miaka 9 anaitwa Ella Adoo-Kissi-Debrah, alikuwa na pumu kali na anaishi karibu na barabara yenye magari mengi sana, akafariki 2013. Mwanzoni ikaandikwa ameshindwa kupumua, basi, yakaisha. Mama yake hakukubali, na ni profesa mmoja daktari wa mapafu, Stephen Holgate, ndiye aliyekaa akalinganisha siku alizolazwa yule mtoto na vipimo vya hewa vya eneo lile, akaandika ripoti. Uchunguzi ukafunguliwa upya na Desemba 2020 ikaandikwa rasmi kwamba hewa chafu ilichangia kifo chake, mara ya kwanza Uingereza kitu kama hicho kuandikwa. Nami nikisoma vile nafikiria wale wanaokaa kando ya barabara ya malori Miritini na Jomvu, manake dizeli ni dizeli, haichagui mji.

Swali: Hii habari ya Owino Uhuru ilikuaje hasa? Nasikia tu watu walilipwa.

Mahakama ilisema walipwe, hiyo tutakuja. Owino Uhuru ni mtaa kule Mikindani, na 2007 kikaja kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari ili kutoa risasi ndani yake. Na risasi hapa sio ya bunduki jamani, ni yale madini mazito. Moshi ukawa unashukia mabati, maji yanapita mtaroni, watoto wanacheza palepale. Phyllis Omido alikuwa ameajiriwa na kiwanda hicho hicho, mwanawe mchanga akaugua akalazwa, akapimwa malaria hapana, taifodi hapana, ikachukua muda mpaka mtu akatoa wazo apimwe risasi kwenye damu. Ikapatikana, na ilikuwa imepita kwa maziwa ya mama. Hebu fikiria ungeambiwa wewe hivyo, maziwa yako.

Mimi kwenye hadithi hii nasimama hapo kwa malaria na taifodi. Sisi hapa Pwani mtoto akiwa na homa tunapima malaria kwanza na ni sawa, lakini hakuna aliyeuliza, mama unafanya kazi wapi? Swali la sekunde tano hivi.

Kiwanda kilifungwa 2014, Omido akapata tuzo ya Goldman, ile ya watetezi wa mazingira, 2015, wakaazi wakaenda mahakamani, na mwaka wa 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi hapa Mombasa ikasema walipwe shilingi bilioni 1.3. Rufaa ikaivunja hukumu hiyo 2023, alafu Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Unaona safari yenyewe. Na kilichosimama mbele ya hakimu miaka yote hiyo ni vipimo vya damu na vya udongo, sio kelele zetu.

Swali: Nitajuaje mwanangu ana risasi mwilini?

Kwa kumtazama huwezi kujua, hapo ndo ubaya wake. Wengine wanaumwa tumbo, hawapati choo, damu inapungua, anachoka, anachelewa kuongea au darasani hashiki kitu, ikizidi sana anapata degedege, lakini wengi hawaonyeshi chochote. Dawa yake ya kujua ni kipimo cha damu peke yake. Mtoto mdogo tumbo lake linafyonza risasi mara nne au tano kuliko mtu mzima, na kila kitu anatia mdomoni, na ubongo ukishaharibika haurudi vile. Hakuna kiwango unachoweza kusema hiki hakina neno.

Kama baba watoto anafanya kazi ya betri, ya kuyeyusha vyuma au kukwangua rangi za zamani, avue nguo na viatu nje na aoge kabla hajambeba mtoto, na zile nguo zifuliwe peke yake. Nyumba usifagie kavu, pangusa kwa kitambaa cha maji. Mtoto anawe mikono kabla ya kula, na mpe vyakula vya kuongeza damu na mifupa, dagaa, maharagwe, mchicha, maziwa, kwa sababu tumbo likiwa na njaa ya hayo madini ndo linakaribisha risasi zaidi. Na tafadhali sufuria zile za kuyeyushia betri jirani akikuletea zawadi, usipikie. Nimeyaona haya kwa macho yangu.

Swali: Kuchoma taka nyuma ya nyumba kuna ubaya gani, si tunapunguza uchafu?

Ule uchafu haupungui, unahamia kifuani. Plastiki ikiungua inatoa sumu zinazoitwa dayoksini, na moshi wenyewe una chembechembe ndogo mara thelathini kuliko upana wa unywele, hizo pua haizuii, zinashuka mpaka zinaingia kwenye damu. Sasa nalijua jibu lenu, gari la taka haliji, tufanyeje? Ni kweli, na mimi sitamlaumu mama wa chumba kimoja kwa kazi ambayo si yake. Angalau plastiki na nepi zitenge zisichomwe, na moto usiwashwe jioni watoto wamekaa uani. Jiko la makaa nalo ukimaliza wali usiliingize ndani kulala nalo eti joto au mbu, lile gesi lake halina harufu na linaua watu usingizini.

Swali: Maji ya kisima chetu ni matamu kabisa, mbona mnatuambia tutie dawa?

Utamu si usafi. Mwaka wa 1854 London kulikuwa na kipindupindu, daktari John Snow akazunguka mtaa akiuliza kila nyumba iliyofiwa maji walikuwa wanateka wapi, karibu wote pampu moja ya Broad Street, na maji yale watu waliyasifu kwa utamu. Kwa siku kama kumi walikufa zaidi ya 500. Akawaendea wakubwa wa mtaa, mpini wa pampu ukang'olewa. Baadae ndo ikagunduliwa shimo la choo lilikuwa hatua moja tu kutoka kisimani na linavuja. Kisauni na Likoni kuna nyumba ngapi kisima na choo vinaangaliana? Inashauriwa angalau mita 30 kati yao, na kwenye plot zetu zile mita 30 ni nyumba tatu za watu. Kwa hivyo chemsha au tia dawa.

Swali: Na mbu je? Neti tunalalia.

Neti ni ya mbu wa malaria, anayeuma usiku. Yule wa dengi na chikungunya anauma mchana kweupe, na anazaliwa kwenye maji yako mwenyewe, mtungi usiofunikwa, tairi, kifuu cha nazi, kopo lililotupwa. Dengi ilitusumbua hapa Mombasa 2013, chikungunya ikaja mwishoni mwa 2017 kuingia 2018, na jina lenyewe ni la Kimakonde, linatoka kwa kukunjika, waliougua wanajua kwa nini. Yai mpaka mbu ni kama wiki moja, basi kila wiki mara moja mwaga, sugua pembeni, funika. Homa ya ghafla na maumivu ya viungo tumia parasetamoli, usinunue aspirini wala brufeni mpaka upimwe, dengi na hizo inaweza kutoa damu.

Swali: Lakini madaktari wanaosema mambo haya si wanafanya siasa?

Wengine huogopa kusema ndo kwa sababu hiyo. Minamata, Japani, daktari Hosokawa alikuwa mkuu wa hospitali ya kampuni ya kemikali. Mei 1956 ndiye aliyepeleka taarifa kwa ofisi ya afya kwamba kuna ugonjwa wa neva usiojulikana. Mwaka 1959 akamlisha paka maji machafu ya kiwanda, paka akapata ugonjwa uleule, ilikuwa zebaki. Kampuni ikamzuia, matokeo yakafichwa, na sumu ikaendelea kumwagwa baharini watu wanakula samaki. Alikuja kutoa ushahidi 1970 akiwa mgonjwa kitandani. Ukiniuliza mimi, kunyamaza kwake pia ilikuwa siasa.

Hapa kwetu Kenya Katiba ya 2010 kifungu cha 42 kinasema kila mtu ana haki ya mazingira safi, na cha 70 kinakuruhusu kwenda kortini bila kwanza kuonyesha wewe umeumia. Na niseme ukweli hospitali zetu nazo si malaika, kuna zinazochoma taka zao kwenye shimo tu, hatuwezi kumnyooshea kidole jirani na bomba letu la moshi linafuka.

Swali: Sasa nikija kliniki mimi niseme nini?

Sema unapoishi, si jina la mtaa tu, kando ya nini. Sema kazi yako na ya baba watoto, maji mnateka wapi, mnapikia nini, kikohozi kinazidi saa ngapi, na kuna watoto wengine wangapi hapo uani wako hivyo. Alafu omba iandikwe. Tukisema hatuna nafasi, nafasi ipo, pembeni ya kadi.

Yule mama wa juzi nilimwita arudi kabla hajafika getini, nikaandika "dirisha linatazama jaa, huchomwa kila jioni". Akaniuliza hiyo nayo ni dawa? Nikamwambia hapana, dawa ni ile ya kuvuta, asubuhi na jioni. Kadi za mtaa ule zenye maneno kama hayo zimeanza kurundikana mezani, daktari wetu amesema wiki ijayo anaziandikia barua kwa afisa wa afya ya umma, na mimi ndo nimepewa kazi ya kuzipiga chapa.