Aliyemo damuni hajakatiwa njia

Ramadhani ikifika kumi la mwisho, nyumba nyingi za Unguja na Pemba utamkuta mwanamke jikoni anakoroga uji wa futari, tasbihi kaitundika msumarini. Ukimuuliza: "Mie wiki hii simo, nimo damuni," yaani yumo hedhini. Kana kwamba ibada yote imemfungia mlango.

Sivyo. Kilichoondolewa ni sala, funga na tawafu, yaani kuizunguka Kaaba. Funga atailipa, sala hailipi. Kusoma Qur'ani ndiko wanazuoni walikohitilafiana: madhehebu yetu ya Shafii yanazuia, Maliki wanaruhusu. Lakini dua, istighfari (kuomba msamaha wa Mungu), kumsalia Mtume na kusikiliza Qur'ani havina kizuizi. Na huo uji wenyewe, kufuturisha kuna thawabu zake!

Bi Aisha, mke wa Mtume, alipoingia hedhini njiani kwenda Hija, alilia. Mtume (S.A.W.) alimwambia hilo ni jambo Mungu amewaandikia mabinti wa Adamu, afanye yote wafanyayo mahujaji ila tawafu. Siku ya Idi pia aliamrisha wenye hedhi watoke, washuhudie kheri na dua, wakae tu kando ya safu.

Kwa hiyo ile tasbihi na ishuke msumarini.