Je, wajua kwa nini gari la spoti la paa la kukunja huwa zito kuliko lenye paa la kudumu?

Mtu anayechagua kati ya gari la spoti la paa la kukunja na pacha wake wa paa la kudumu huanza na hesabu moja ya haraka: paa ni bati, bati lina uzito, basi gari lililoondolewa bati hilo ni jepesi zaidi, na gari jepesi hukimbia zaidi. Kila hatua ya hesabu hiyo inaonekana sawa, lakini jibu lake limepinduka. Porsche 911 Carrera ya kizazi kilichoingia sokoni mwaka 2019 ina kilogramu 1,505 ikiwa na paa la kudumu, na kilogramu 1,575 ikiwa na paa la kitambaa, ingawa injini ni ileile na giaboksi ni ileile. Kampuni imeondoa bati, na gari limeongezeka kilogramu 70.

Jibu linalotolewa haraka ni kwamba uzito huo ni wa mota, pampu za haidroliki na vyuma vya kukunjia paa. Jibu hilo lina ukweli ndani yake, ila halitoshi, kwa sababu hata magari ya zamani ambayo paa lake lilikunjwa kwa mkono, bila mota hata moja, mara nyingi yalikuwa mazito kuliko wenzao wa paa la kudumu. Kosa limejificha kwenye dhana yenyewe ya paa. Tumezoea kuliona kama mfuniko wa kuzuia mvua na jua, kitu kinachokaa juu ya gari lililokwisha kukamilika. Katika gari la kisasa ambalo bodi na chesisi ni kitu kimoja, paa ni kiungo kinachobeba mzigo kama kiungo kingine chochote, na likiondolewa ni lazima kazi yake ifanywe na kitu kingine, tena mahali pasipofaa sana kwa kazi hiyo.

Boksi la viatu linatosha kulielewa jambo hili. Lifunike, kisha ubandike mfuniko wake kwa gundi ya karatasi pande zote nne. Shika ncha moja kwa mkono wa kushoto na nyingine kwa mkono wa kulia, ujaribu kulisokota kama mtu anayekamua nguo: halitasogea kwa urahisi. Sasa ng'oa mfuniko na urudie. Boksi litajisokota mikononi mwako bila upinzani wa maana, kona moja ikipanda na ya pili ikishuka, ingawa umeondoa karatasi moja tu kati ya sita. La kushangaza zaidi ni kwamba boksi hilohilo lililo wazi bado linaweza kubeba viatu vyake bila kupinda katikati, kwa kuwa kuta zake ndefu zimesimama wima na zinahimili uzito unaoelekea chini. Udhaifu wake umejitokeza katika kusokotwa, si katika kubeba.

Sababu ni hii. Boksi lililofungwa likisokotwa, kila ukuta hujaribu kuteleza pembeni mwa jirani yake, na jirani huyo humzuia, naye huzuiwa na anayefuata, hadi nguvu inapozunguka boksi zima na kurudi ilikoanzia. Ukivunja mzunguko huo mahali pamoja tu, nguvu haina pa kupita, na kila karatasi hubaki ikipambana peke yake kwa unene wake mdogo. Wahandisi wana hesabu inayoonyesha ukubwa wa pengo hili. Bomba la chuma lenye nusu-kipenyo cha milimita 25 na unene wa milimita 1, likipasuliwa kwa mstari mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho bila kuondolewa hata gramu moja ya chuma, hupoteza uwezo wa kukataa kusokotwa kwa takriban mara 1,875. Nambari hii si kosa la uchapaji. Hutokana na ukweli kwamba ukakamavu wa bomba lililofungwa hutegemea upana wa duara lake, ilhali wa bomba lililopasuliwa hutegemea unene wa bati lake, na katika bomba jembamba vitu hivyo viwili havikaribiani.

Gari, hata hivyo, si bomba. Hata lile la paa la kudumu limejaa matundu, yaani milango, madirisha na vioo viwili vikubwa vya mbele na nyuma, na paa lake limeshikiliwa na nguzo chache tu. Kwa hiyo hasara halisi ya kuliondoa ni ndogo mno kuliko ya bomba letu. Kampuni hutangaza ukakamavu wa bodi zao kwa kipimo cha nguvu ya msokoto kwa kila digrii moja ya kujipinda, lakini upimaji wenyewe haufanani kila mahali, kwani mwingine hupima bodi tupu na mwingine hupima gari likiwa na vioo vilivyogundishwa, kwa hiyo kulinganisha tangazo la kampuni moja na la nyingine ni kazi isiyo na faida kubwa.

Boksi letu linajibu swali jingine linaloulizwa mara nyingi: je, paa likishafungwa, gari halirudii ukakamavu wake? Rudisha mfuniko juu ya boksi bila kuubandika, usokote tena, nawe utaona kwamba mfuniko unacheza tu juu ya kuta bila kusaidia. Paa la kitambaa liko hivyo, na hata lile la chuma linalojikunja haliwezi kufanya kazi ya bati lililochomelewa, kwa sababu limeshikwa na komeo chache badala ya kuunganishwa kwa urefu wake wote.

Dereva hukutana na haya yote gurudumu moja linapopita kwenye shimo au tuta lililokaa mshazari. Springi na shokapu zimepangwa kwa kudhani kwamba bodi haisogei, ili gurudumu ndilo lisogee. Bodi inayojisokota hugeuka kuwa springi ya tano isiyo na shokapu ya kuituliza. Kioo cha rejea hutikisika hadi taa za gari la nyuma zinaonekana kama mistari, usukani hutetemeka kwa namna isiyolingana na barabara, na ukingo wa juu wa kioo cha mbele huonekana ukicheza dhidi ya upeo wa macho. Katika miaka ya 1960, baadhi ya magari ya Marekani ya paa la kukunja yalifungiwa kwenye kona za bodi mitungi mizito yenye uzani uliokaa juu ya springi ndani ya mafuta, ili uzani huo utikisike kinyume na bodi na kuutuliza mtetemo. Yaani gari lililopunguziwa bati liliongezewa vyuma visivyo na kazi nyingine ila kutikisika. Ni suluhisho lenye akili, na ni vigumu kulitazama bila kutabasamu.

Njia ya kawaida zaidi ni kuimarisha sehemu zilizobaki. Vizingiti vya chini ya milango hufanywa vinene na kuwekewa ukuta wa pili ndani, sakafu huongezewa mihimili inayokatizana, nguzo za kioo cha mbele huwekewa mabomba ya chuma kigumu sana, na nyuma ya viti huwekwa tao za kuwakinga abiria gari likipinduka. Hizo ndizo kilogramu za 911, zikijumlishwa na zile za mota na vyuma vya kukunjia.

Mfano mzuri wa historia ni Mercedes-Benz 300 SL, iliyooneshwa New York mwaka 1954. Watu huikumbuka kwa milango yake inayofunguka kuelekea juu, na wengi hudhani ilikuwa madoido ya mchoraji. Haikuwa hivyo. Bodi yake ilikaa juu ya fremu ya mabomba membamba, na ili fremu hiyo ikatae kujisokota ilibidi mabomba ya pembeni yapite juu sana, mahali ambapo mlango wa kawaida ungeanzia, ndipo ikabidi mlango ukatwe kuanzia kwenye paa. Mwaka 1957 kampuni ilipotaka kuiuza ikiwa wazi, milango ya juu haikuwezekana tena kwa kuwa hapakuwa na paa la kuibeba, na hivyo wahandisi waliteremsha mabomba ya pembeni, wakaongeza mihimili ya mshazari kufidia kilichopotea, na gari likaongezeka uzito. Ni gari moja lililohesabiwa mara mbili, na mara zote mbili deni lililipwa kwenye kizingiti.

Hapa ndipo kanuni ya kwamba gari la wazi ni zito inapoanza kulegea, kwani inahusu zaidi magari yaliyobuniwa yakiwa na paa kisha yakakatwa. Mazda MX-5, iliyooneshwa kwa mara ya kwanza Chicago mwaka 1989, ilibuniwa ikiwa wazi tangu karatasi ya kwanza, na ukakamavu wake haukuwahi kutegemea paa. Mwaka 2003 Mazda iliuza nchini Japani idadi ndogo ya gari hilo likiwa na paa la kudumu lililochomelewa, na uzito uliongezeka kwa takriban kilogramu 10 tu. Kwa gari hilo hesabu ya mtu wa kawaida ilikuwa sahihi: lenye paa ndilo lililokuwa zito. Lotus Elise ya mwaka 1996 ilitumia mihimili mipana ya alumini iliyogundishwa badala ya kuchomelewa, ikapata wepesi wa ajabu, na bei yake ikawa vizingiti vipana na vya juu ambavyo mtu mrefu huvivuka kwa mazoezi.

McLaren ilifika mbali zaidi. Bodi ya 12C imejengwa juu ya beseni la nyuzi za kaboni lenye uzito wa kilogramu 75, ambalo ukakamavu wake wote uko chini ya usawa wa mabega. Ilipotoa toleo la paa la kukunja mwaka 2012, beseni hilo halikuhitaji kuimarishwa, na kilogramu 40 zilizoongezeka zilikuwa za paa lenyewe na mitambo yake. Kwa mnunuzi wa gari la namna hiyo, hoja ya kwamba lenye paa la kudumu huendeshwa vizuri zaidi imepoteza sehemu kubwa ya uzito wake, ila wachache wetu ndio watakaokabiliwa na uchaguzi huo.

Kuhusu kasi, maneno machache yanatosha. Ile 911 ya paa la kudumu hufika kilomita 293 kwa saa, na ya kitambaa 291, tofauti ambayo ni shida kuihakikisha popote pasipo barabara kuu za Ujerumani. Kufika kilomita 100 kwa saa huchukua sekunde 4.2 kwa ya kwanza na 4.4 kwa ya pili.

Usalama ni suala gumu zaidi, na hofu yake ni ya zamani. Porsche ilipoonesha 911 Targa mwaka 1965, yenye tao pana la chuma nyuma ya viti, ilikuwa ikijikinga na uvumi kwamba Marekani ingepiga marufuku magari yasiyo na paa, marufuku ambayo haikuja. Mwaka 2020 taasisi ya Marekani ya bima inayochunguza usalama barabarani, IIHS, ililinganisha magari mapya ya paa la kukunja na matoleo yao ya paa la kudumu, ikakuta kwamba vifo vya madereva havikuwa vingi zaidi katika ya kwanza. Vilikuwa pungufu kidogo, ingawa tofauti hiyo haikuwa kubwa kiasi cha kuaminika kitakwimu. Lakini wanaonunua magari hayo huenda ni waangalifu zaidi, au huyatumia siku za jua tu, na takwimu za namna hiyo haziwezi kumtenganisha dereva na bodi yake. Pia zinahusu magari mapya yenye tao za kisasa, kwa hiyo hazimtetei mtu anayetaka gari la wazi la mwaka 1970.

Kwa anayenunua lililotumika, ukakamavu unaweza kukaguliwa bila mashine. Pandisha gurudumu moja la mbele juu ya ukingo wa barabara, uache mengine chini, kisha ufungue na kufunga milango yote miwili polepole. Katika gari zima mlango hufunga kama kawaida. Katika lililochoka, komeo hugonga chuma chake juu au chini ya mahali pake, na mwanya kati ya mlango na bodi huwa mpana upande mmoja na mwembamba upande wa pili.

Baada ya hapo piga magoti. Katika MX-5 za zamani maji ya mvua yanayotiririka kutoka kwenye paa la kitambaa hukusanywa nyuma ya viti na kushushwa kwa mirija miwili myembamba, ambayo huzibwa na majani na vumbi. Mirija ikiziba, maji huingia ndani ya vizingiti na kuvila kutoka ndani, hasa mbele ya matairi ya nyuma, huku rangi ya nje ikiendelea kung'aa. Muuzaji ataita hiyo kutu ya kawaida ya bodi, jambo la kupiga pati na rangi. Katika gari la paa la kudumu huenda angepata mtu wa kumsikiliza. Katika gari la wazi kizingiti ndicho kilichobeba kazi ya paa, na pati haibebi kitu.