Masizi ya baruti si masizi

"Ni masizi tu, nimeshalipaka mafuta." Kauli hii nimeisikia mno kwa wenye magobore, na safari ya mwisho gobore lenyewe nilikuwa nimelishika. Nikafunga kitambaa cheupe kwenye mdeki, ule ufito wa kushindilia, nikakipitisha mtutuni. Kikatoka na rangi ya tope jekundu.

Masizi ya baruti ni uchafu unaobaki mtutuni baada ya baruti nyeusi kuungua. Basi. Kinachoponza ni neno, kwa sababu masizi tunayoyajua ni ya sufuria na kibatari: makaa matupu, ukifuta yameisha.

Baruti ina mambo yake. Jina limetoka kwenye Kiarabu, barud, na zamani halikuwa la mchanganyiko bali la shura, chumvi ya potasiamu inayotiwa kwenye baruti. Ibn al-Baitar, mjuzi wa mimea na dawa aliyefariki Damascus mwaka 1248, alipoandika barud alikusudia shura. Mchanganyiko ulipoenea ukarithi jina la kiungo chake kikubwa, na ulistahili: katika sehemu 100, shura ni 75, makaa 15, salfa 10. (Kiberiti nacho kilikuwa jina la salfa kabla hakijawa cha kuwashia moto.) Sasa, kitu ambacho robo tatu yake ni chumvi kikiungua, kitaacha nini? Zaidi ya nusu ya uzito wake haigeuki gesi; huwa chembe, nyingine zikapaa na moshi, nyingine zikaganda mtutuni. Nyingi ni chumvi za potasiamu. Chumvi hizo hunyonya unyevu wa hewani, na unyevu hula chuma. Mafuta hayaziyeyushi. Yanazifunika, kutu ikajilia kwa raha zake huko chini.

Zinayeyushwa na maji. Kwanza hakikisha gobore halijashindiliwa: ingiza mdeki hadi mwisho, kisha ulinganishe na urefu wa mtutu kwa nje. Halafu maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo. Yatatoka meusi yakinuka yai viza, ndiyo salfa hiyo; rudia hadi kitambaa kitoke kama kilivyoingia. Kausha kabisa, na tundu la fataki, linalopitisha moto hadi kwenye baruti, usilisahau. Mafuta yanakuja hapo.

Mwenye gobore lile si mvivu hata kidogo. Hulifuta siku ile ile aliyolipiga. Alilifuata neno tu. Siku hizi nikiongea naye nasema "chumvi ya baruti", wala haniulizi tena maji ya nini.